Ukuta Usio na Meno

Obed Cadwell alikuwa mwashi wa nyumba za mawe ya mviringo katika mashamba yaliyo kusini mwa ziwa Ontario, na kama waashi wote wa fani hiyo, hakufanya kazi akitazamwa. Mpita njia akisimama, Obed aliweka mwiko chini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuvuta kiko mpaka mgeni achoke. Wenye nyumba walinung'unika, lakini walimvumilia, kwa kuwa mistari yake ya mawe ilinyooka kama shanga kwenye uzi.

Zaidi ya siri ya ujenzi, alitunza moyoni jambo jingine. Mdogo wake, Asahel, alikufa kwa kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi ambalo seremala Lyman Teall alikuwa amelifunga kwa kamba iliyooza. Kabla maiti haijapoa, Lyman alitangaza kwamba marehemu alikuwa amelewa. Asahel alikuwa ameapa kanisani kutogusa pombe; kwa hiyo alizikwa kama mlevi na mwongo, mchungaji akaifupisha sala, na mama yao hakuinua tena uso mbele ya watu mpaka naye alipokufa. Obed alikuwa amelinusa kopo la mdogo wake: maji, siki na tangawizi, kinywaji cha wavunaji. Alilisema hilo, lakini Lyman alikuwa shemasi, na la shemasi ndilo lililoaminiwa.

Obed hakugombana naye. Alingoja.

Miaka ikapita, Lyman akatamani nyumba ya mawe, tena aijenge kwa mikono yake ili asifiwe. Kiangazi kimoja, Obed akiwa kazini shambani kwa jirani, aliona kofia ya majani ikichungulia katikati ya mahindi, akaijua kuwa ya Lyman. Safari hii hakuketi. Aliendelea kupanga mawe mazuri yanayolingana, akiyabandika usoni mwa ukuta tu, bila kuweka hata moja kati ya yale marefu ambayo hulazwa yakiingia ndani, kama jino ndani ya ufizi, ili kuushika ukuta. Kofia ilipoondoka, aliibomoa kazi yote na kuijenga upya inavyostahili. Alifanya hivyo kila kofia ilipotokea, na hakuwahi kufurahia kazi maradufu kiasi hicho.

Nyumba ya Lyman ikasimama, ikasifiwa hata na wasafiri. Baridi ikaja, maji yakaganda ndani ya ukuta. Majira ya kuchipua yalipofika, Lyman alibisha kwa Obed, kofia mkononi.

"Ndugu Obed, ukuta wangu wa kaskazini umeota kitambi."

"Muulize aliyekufundisha, Shemasi."

Lyman aliitazama kofia yake. "Kumbe uliniona."

"Kofia yako ilikuwa imeyazidi mahindi kimo."

"Basi niambie dosari iko wapi. Mke wangu Philura na watoto wanalala upande ule."

Obed alimwagiza awahamishie ghalani jioni hiyo hiyo, kwa kuwa hao hawakuwa wamemkosea. Kisha akauliza, "Kopo la Asahel lilikuwa na nini?"

"Hayo ni ya zamani, ndugu yangu."

"Kwangu ni ya leo asubuhi. Jumapili simama uwaambie watu. Na kamba usiisahau. Ukimaliza, nitakuambia ukuta wako umekosa nini."

Lyman alizunguka nyumba yake siku kadhaa, akiupapasa ukuta uliozidi kuvimba. Jumapili alisimama kanisani, akasema kopo lilikuwa na maji ya tangawizi na kamba ilikuwa yake, naye alijua imeoza. Katika safu ya nyuma, mahali alipokaa mama yake zamani, Obed aliinua uso na kumtazama mpaka alipomaliza.

Alasiri akatimiza ahadi. Alishusha timazi, uzi wa kupimia wima, kando ya ukuta, akalitazama kwa utulivu.

"Hauna meno, Shemasi. Mawe yameshikwa na chokaa peke yake. Hakuna dawa. Ubomoe wote, na zile kuta nyingine tatu pia."

Lyman alizitazama kuta zake nne, mmoja baada ya mwingine. Hatimaye akaomba, kwa unyenyekevu, aonyeshwe jinsi ya kuujenga upya.

Obed alitafuta ndoo, akaipindua, akaketi juu yake na kuwasha kiko.