Mawaridi ya Profesa

Mtunza bustani huyu alijipachika mwenyewe jina la Profesa, ingawa yeye na shule waliachana mapema na hakuna aliyemlilia mwenzake. Mpwa wake alipochumbiwa, akajipiga kifua mbele ya ukoo mzima.

"Wakwe wakija, uwanja wote utakuwa mwekundu. Mawaridi yangu yatawapokea kabla yenu!"

Mpwa akamwamini, akakataa hata kukodi mapambo.

Tatizo la Profesa ni mkono mzito. Mfuko wa mbolea ya yurea uliandikwa kijiko kidogo kwa kila chungu. Yeye akatia kiganja. Maji akamwaga asubuhi, mchana na jioni, mpaka vyungu vikaota ukungu.

"Baba watoto, hayo mawaridi unayalea au unayanenepesha?" mkewe akamuuliza.

"Nani Profesa hapa, mimi au wewe?"

Kumbe waridi, msibishe, likishibishwa yurea linanogewa na kuota majani, maua linayasahau. Majani yakawa mapana, ya kufungia karanga. Tumba? Hata moja la kusingizia halikuwepo.

Siku ya ugeni ilipofika, Profesa akakimbilia dukani, akanunua maua ya plastiki, akayafunga kwa waya kwenye vijiti vya mawaridi yake, kisha akayapulizia marashi ya mkewe. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja kuyatazama. Na hapo napo akajisifu!

Wakwe wakafika. Mama wa bwana harusi mtarajiwa akainamia chungu cha kwanza, akanusa. Akamgeukia mke wa Profesa aliyekuwa akimkaribisha, akanusa tena.

"Dada, mbona wewe na ua mnanukia sawa?"

Akalivuta kidogo. Ua likambakia mkononi, waya unaning'inia.

Uwanja ukaangua kicheko, wakwe wakiwa wa kwanza. Mpwa hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Mjomba, si ungeniambia tu? Ningefunga hata vitambaa."

Mdomo wa Profesa, uliozoea kwenda kama cherehani, sasa ukatoa neno moja moja.

"Nilizidisha mbolea, mwanangu. Na maji. Halafu nikaona haya kukwambia, baada ya maneno yote yale."

Mpwa akalipokea lile ua kwa mkwewe, akaanza kuyafungua na mengine, chungu baada ya chungu, wageni wakitazama. Profesa akamfuata nyuma akiokota nyaya, uso ameuinamisha kama aliyepoteza sindano.