Picha ya Maji Yasiyotikisika

Ukifika mtaa wa Kamalondo ukamtaja Adalbert Mwenze, wengine watafikiri kidogo. Sema Papa Foto, na hata mtoto wa barabarani atakuonyesha mlango. Yule asiyependa rangi, watakuambia. Na si uongo. Siku hizi kila mtu ana simu inayotoa picha ya nyanya nyekundu kuliko nyanya yenyewe, lakini mzee huyu bado anashika kamera ya filimu, nyeusi na nyeupe basi. Filimu hizo huletewa na Chileshe, dereva wa lori anayepita mpaka wa Sakania, ambaye kila safari humwapia kwamba ni za mwisho duniani.

Kilichomlisha tangu ujana ni picha ndogo za vitambulisho, na picha za marehemu, zile ambazo familia huomba kabla sanduku halijafungwa. Baba yake alitoka kaskazini kufanya kazi ya reli, akataka mwana naye awe wa reli. Mwana akapenda kitu kingine kabisa: namna kivuli cha mti kinavyopanda juu ya kichuguu asubuhi, kinavyojikunja pale kichuguu kinapojikunja.

"Rangi iko kama bantu ba soko," alimwambia Emery, fundi cherehani waliyegawana baraza. "Kila moja inaita: kuja kwangu, kuja kwangu. Ukizinyamazisha zote, njo utasikia muti inasema."

"Na muti inasemaka nini, Papa Foto?"

"Inasema: Emery, maliza suruali ya muntu, amechoka kungoja."

Basi, kulikuwa na picha moja iliyomkataa miaka na miaka. Nje ya mji, chini ya shamba la dada yake mkubwa Madeleine, kijito kinaingia katika dimbwi la kivuli lililozungukwa na miti mirefu. Adalbert alitaka miti ile isimame mara mbili: juu, halafu kichwa chini ndani ya maji, bila mkunjo hata mmoja. Lakini kivulini mwanga ni haba, na kamera yake ililazimika kufumbua jicho kwa muda wa kusali Baba Yetu nzima. Dimbwi gani linaweza kutulia Baba Yetu nzima? Chura anaruka. Kisamaki kinapanda kuonja hewa. Vile vidudu vya miguu mirefu vinavyotembea juu ya maji vinachora-chora. Kila mara miti ya majini ilitoka imeyeyuka kama sabuni.

Dimbwi hilohilo ndilo lililomlisha Madeleine. Muhogo wa shamba lake ni ule mchungu, wa kuua mtu. Lazima ulowe majini mpaka ulainike, uchachuke, unuke. Hapo ndipo sumu yake inatoka, nawe unauanika, unautwanga, unapata unga wa bukari, ugali wa huku. Madeleine ni mjane, na unga wake sokoni ulikuwa na jina. Wanawake waliacha meza nyingine wakaja kwake.

Katikati ya kiangazi Adalbert alirudi na kamera yake. Mwaka ule ukuta mrefu ulikuwa umesimama juu ya kilima, na nyuma yake mashine zilikuwa zinaosha mawe mchana kutwa. Malori yaliingia yamefunikwa maturubai. Ukuta wa nani? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyewahi kuruhusiwa kupita getini.

Kule chini kulikuwa kimya. Alipanga miguu ya kamera, akafumbua jicho lake, akasali mpaka amina. Hakuna kilichotikisika. Akasali tena, akaongeza na Salamu Maria, kwa furaha. Miti ilikuwa imesimama ndani ya maji kama imechongwa. Na chini yake, katika weusi ule, mihogo ya Madeleine ililala myeupe, mzizi mmoja mmoja unaonekana hadi chini kabisa, kama meno katika kinywa kilichoachwa wazi.

Ukingoni kulikuwa na mstari wa kijani, ule wa kutu ya shaba. Aliuona. Lakini jicho lililofanya kazi ya kutupa rangi maisha yote liliutupa na huo. Kwenye filimu utakuwa kijivu tu, aliwaza, kijivu kizuri.

Mchana wa kesho yake, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa blanketi, aliitazama picha ikija ndani ya beseni la dawa. Weusi huja wenyewe, ndivyo asemavyo; weupe ndio unaochungwa kama maziwa motoni. Miti ikaja mara mbili. Mihogo ikang'aa. Mzee akatoa machozi kidogo, kwa vile hakuna aliyemwona.

Madeleine alipopita na kuiona, alipiga makofi. "Eh! Hii ni fasi yangu? Nipe moja, nitaitundika kwa meza. Bamama baone maji yenye mihogo yangu inalala."

"Chukua, yaya," akasema; ndivyo wanavyomwita dada mkubwa huku.

Akaenda nayo. Emery alibaki akiiangalia ile nyingine, uzi umemning'inia mdomoni. Huyu ni mtu wa mzaha, lakini safari hii hakucheka.

"Iko muzuri, Papa Foto. Iko muzuri mpaka inaogopesha."

"Juu ya nini kuogopa?"

"Sijui mi. Iko kama unaonyeshwa muntu analala muzuri, kisha banakuambia: huyu halali."

Adalbert akaketi. Mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Katika kazi yake yote, waliokaa bila kutikisika mbele ya kamera walikuwa wa namna moja tu. Hao hukuwa na haja ya kuwaambia watulie. Na dimbwi lile, lililomchezea miaka yote, limetulizwa na nani? Chura wako wapi? Vidudu je? Mbona matete ya upande wa kilima, wanakoosha mawe, yalikuwa yameinama yote? Ule mstari wa kijani ukamrudia machoni, sasa una rangi yake kamili.

Alifika sokoni anahema. Picha ilikuwa imetundikwa juu ya unga, na wanawake wameizunguka.

"Maji kama kioo!" alikuwa anasema Lydie, jirani wa meza, muuza unga naye. "Yangu mi naloweka ndani ya matope, bantu banalalamika mchanga. Madeleine, ni wapi huku?"

"Yaya, toa ile picha," Adalbert akasema. "Maji imekufa."

Wakamgeukia. "Papa Foto, maji inakufaka?"

"Haina chura hata mmoja."

"Na nani hapa anakulaka chura?" Lydie akauliza, na soko lote likaangua kicheko.

Akasogea kwenye picha awaonyeshe kwa kidole. Akatafuta mstari wa kijani: kijivu. Akatafuta matete yaliyoinama: yalikuwa yameinama kwa madaha, kama wanawake wanaonawa. Kila alipogusa palikuwa pazuri. Alikuwa amefanya kazi yake vema mno.

"Tukutane kwa nyumba," Madeleine akamwambia kwa sauti ya dada mkubwa. "Hapa unaniharibia."

Nyumbani alimpikia bukari ya unga mpya, pamoja na samaki wadogo. Akaweka sahani kati yao, akanawa, akamsogezea maji naye anawe. Adalbert hakunyoosha mkono.

"Kula."

"Yaya, mihogo ya hii unga ilinuka wakati unaitoa?"

Madeleine alimega tonge, akaliviringa. Halikushikana vizuri, lilikatika vidoleni. Akaviringa tena.

"Haikunuka," akasema mwisho. "Haikulainika. Niliitoa iko ngumu vile niliitia, nyeupe pè. Nikajiambia: ni baridi ya kiangazi. Nikasaga vile."

"Ulijua."

"Nilijua kitu gani, weye? Nilijua mihogo inakataa kuoza. Mara ya kwanza tangu nizaliwe naona kitu inakataa kuoza." Akaangalia tonge lile. "Na niende kuloweka wapi? Mto ya chini banaweka walinzi. Maji ya bomba inakuja siku inataka. Shamba imeiva, Adalbert. Mihogo haingojee."

"Umekula ngapi?"

Madeleine alirudisha tonge sahanini, akapangusa vidole kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayevua pete. Kisha akasimama, akaburuta gunia hadi nyuma ya nyumba, wakachimba pamoja, wakafukia. Unga ulipanda hewani, wakafunga midomo wote wawili.

"Kesho nitapita kwa benye balinunua," akasema. "Batanitukana."

"Nitakuja pamoja nawe."

"Hapana. We nenda kule, uondoe ile inabaki majini. Lydie asiione."

Lakini alipofika dimbwini asubuhi, walikuwa wametangulia, wameuliza njia kwa wenye mashamba: Lydie na wenzake wanne, mabeseni kichwani, wakiteremka kwa nyimbo.

"Bamama, rudini. Nawaomba. Maji iko mbaya, hata dada yangu amefukia unga wake."

"Amefukia!" Lydie akacheka. "Ulitupigia picha tuone, sasa unatufungia mlango? Dimbwi iko ya baba yenu?"

"Angalia kingo, Lydie. Angalia ile kijani."

"Ni majani, papa. Kwa kijito kunakuwaka majani." Akampita, akainama, akaonja maji kwa kiganja. Akakunja uso kidogo, akatema. "Iko na chumvi-chumvi. Nzuri, itaua mchanga."

Wakamimina mihogo yao. Maji yakafunguka, yakaifunika, na mara yakatulia, bila kiputo kimoja kupanda. Wanawake wakaipanda njia wakiimba, na sauti zao zikapotea nyuma ya miti.

Adalbert akavua viatu. Akakunja suruali, akaingia. Baridi ilimpanda hadi magotini, kisha haikuwa baridi tena. Ikawa kama upupu. Akainama akashika mzizi wa kwanza, akautupa majanini. Akashika wa pili. Huko juu geti la ukuta lililia, lori likaanza kushuka.