Mlamula Katikati ya Barabara ya Zamani

Lami ilipofika upande wetu wa Ihanda haikuifuata barabara ya zamani. Ilikata bondeni moja kwa moja, ikaiacha ile ya vumbi ikizunguka peke yake ubavuni mwa kilima, kati ya migomba na mibuni, bila gari hata moja. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo. Kila nilipopiga simu nyumbani nilisikia habari ileile: baba mdogo amekoswakoswa tena na lori.

Baba mdogo hupeleka ndizi sokoni Kayanga kwa baiskeli. Haipandi, huikokota, mkungu mmoja kila upande na miwili kwenye keria. Ikishapakiwa hivyo, baiskeli ni pana kama ng'ombe mwenye mimba. Malori yanayotoka Kyerwa yakimpita karibu, upepo wake peke yake unaweza kumsukuma mtaroni. Safari moja alianguka, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri. Alijaribu kurudi kwenye barabara ya zamani, lakini kila msimu watu walisogeza migomba kidogo, maharage kidogo, na njia ikazidi kuwa nyembamba.

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira, wazo nilikuwa nalo tayari. Darasani tulionyeshwa picha za nchi ambako reli zilizoachwa ziling'olewa vyuma, na palipopita treni pakabaki pa watembea kwa miguu na baiskeli tu. Wenzangu waliangalia maua ya pembeni. Mimi niliangalia mteremko. Treni haipendi mlima, kwa hiyo njia yake hupanda polepole, na njia ya namna hiyo ni rafiki wa mtu anayekokota mzigo. Barabara yetu ya zamani nayo ilizunguka kilima kwa sababu magari ya wakati huo hayakuwa na nguvu. Niliona kana kwamba ilichimbwa kwa ajili ya baba mdogo.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mbele ya ghala la kahawa. Sentensi yangu ya kwanza nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa siku kadhaa, nikiogopa kwamba nikianza na reli watacheka, na nisipoanza na reli hawataelewa. Nikaanza na reli.

"Kijana," mzee mmoja akanikatiza, "tuletee kwanza hiyo treni. Tuipande mpaka tuichoke, ndipo tuing'oe."

Kicheko kilidumu. Nilitaka kukaa, ila sikukumbuka benchi langu lilikuwa lipi. Baba mdogo ndiye aliyeniokoa.

"Wewe cheka," alimwambia yule mzee, "ndizi zako zinapanda bodaboda. Mimi naomba njia ya kupita bila kufa. Ni kubwa hiyo?"

Walikubali. Barabara ya zamani isilimwe tena, iwe ya miguu na baiskeli. Mwenyekiti akauliza nani atawazuia watu kusogeza migomba, na baba yangu akajibu kwamba dawa ni mlamula. Kila mwenye kibanja, shamba lake la migomba, kinachopakana na barabara apande mlamula mpakani kwake. Huku kwetu mlamula ndio mti wa mipaka. Unakata kijiti, unakichomeka, kinaota chenyewe, na kikishaota hakuna anayekigusa. Niliona ni wazo zuri kuliko langu. Haligharimu kitu, na linaheshimiwa kuliko bango lolote.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye usaili Bukoba. Nikakaa huko kwa shangazi wiki kadhaa, nikiyarudia kichwani majibu niliyokwisha kuyatoa. Niliporudi nilishuka kwenye lami na kupanda kilimani kwa miguu ili nikaione njia yetu.

Milamula ilikuwa imepandwa, tena imenyooka vizuri. Ilikuwa katikati ya barabara.

Nilisimama pale nikidhani labda nimekosea kilima. Kisha nikaona, kila upande wa mstari ule, udongo uliolimwa upya na machipukizi ya migomba. Kilichobaki ni kijia cha kupita mtu mmoja mwembamba, tena akiwa hana haraka.

Nilimkuta baba uani.

"Baba, mlamula ulikuwa wa pembeni."

"Pembeni ya nini?"

"Ya barabara."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyonitazama nikishindwa kukamua mbuzi. "Mwanangu, mlamula haupandwi kati ya mtu na barabara. Ukibishana na barabara, itakujibu nini? Mlamula ni wa mtu na mtu. Mwenzako anatoka kwake, wewe unatoka kwako, mnakutana, mnapanda."

Ndivyo walivyofanya, kibanja kwa kibanja. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alitoka kwake akatembea mpaka akakutana na jirani wa ng'ambo, na walikutana katikati.

Hata hivyo nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja tatu, na nilikuwa nikizipanga ipi itangulie, jirani yetu wa ng'ambo alipoingia uani. Huyu mzee na baba walikuwa hawasalimiani tangu mimi sijaanza shule, kisa ng'ombe aliyeingia kwenye maharage. Barabara ilikuwa kati yao, hivyo hawakulazimika kupatana. Sasa kupanda mlamula kuliwataka wasimame pamoja, wakishike kijiti wote wawili, watafune punje za kahawa kutoka kiganja kimoja, kama ilivyo desturi. Alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba akamvutia kigoda, wakaanza kutaniana juu ya ng'ombe yuleyule.

"Alikuwa mwizi, waitu," alisema mzee, "lakini maziwa yake!"

"Kwa maharage yangu, yangeachaje kuwa matamu?" baba akajibu, wakacheka mpaka mzee akakohoa.

Sikumbuki kumsikia baba akicheka hivyo kabla ya hapo. Hoja zangu zote zilimaanisha jambo moja: ng'oeni. Nikamsalimia mzee shikamoo, nikaingia ndani.

Baba mdogo alikuja siku ya soko na mzigo wake kamili. Alijaribu. Baiskeli ilikwama pale pale kwenye mpaka wa baba, mkungu mmoja umeegemea mlamula, mwingine umelalia mgomba. Kijiti kilikuwa kimetoa jani jipya. Angeweza kukivunja kwa goti. Aliirudisha baiskeli kinyumenyume, taratibu, nami nikiisukuma kwa mbele, mpaka tukapata pa kugeuzia.

"Wamepatana," alisema. "Hilo si dogo."

Tukashuka kwenye lami. Nilitembea nyuma yake nimeshika mkungu wa keria, nikijiuliza kama neno "pembeni" lingetosha siku ile ya mkutano, au kama kuna neno lolote ambalo lingesaidia. Kutoka bondeni mstari wa milamula ulionekana vizuri juu ya udongo mpya, ukizunguka kilima polepole kwa mteremko uleule.

"Msomi," baba mdogo akaniita bila kugeuka, "acha kuangalia juu. Angalia nyuma."

Nikaangalia nyuma. Lori lilikuwa linakuja. Tuliisukuma baiskeli kwenye nyasi, akaishika kwa mkono wake mzima, nami nikaegemea mikungu kwa upande wa pili, tukasubiri lipite.