Mchezo wa Ukame Uliokosa Mshindi

Niliacha shule darasa la saba, lakini kuna shahada ya uzamifu niliyoisaidia kwa patasi.

Binti mmoja, mtafiti wa chuo kikuu, alinikuta sokoni Katangi nikichonga miiko, kazi yangu ya mwezi huo. Alikuwa ameuchunguza ukame miaka minne na kuandika kurasa ambazo, kwa maneno yake, zilisomwa na mama yake tu, tena hakumaliza. Sasa alitaka wakulima wazicheze. Nikamchongea ubao wa mashimo sita, kila shimo shamba, pamoja na dadu: pande nne jua la kula mbegu, mbili mvua ya kuzizidisha. Alidhani natania. Nikamwambia aje alime huku kwetu Yatta kwanza.

Sheria ilikuwa moja: kila mtu na shamba lake, na atakayebaki na mbegu nyingi baada ya misimu mitano ndiye mshindi. Mbegu zilikuwa ndengu halisi.

Siku ya majaribio alikuja profesa wake, mtu wa viatu visivyojua vumbi. Alikuwa ameshatoa onyo: mchezo ukikwama, sura yake inatoka kwenye tasnifu, na binti arudi kwenye hojaji.

Wachezaji walikuwa akina mama sita wa mwethya mmoja, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu. Jua la kwanza lilimmaliza mmoja wao. Jirani yake akamsukumia ndengu, kiganja kizima.

"Mwaitu, mama yangu, hairuhusiwi," mtafiti akanong'ona.

"Nani amekataza?"

"Sheria."

"Hiyo sheria haina majirani?"

Kufikia msimu wa tatu ndengu zote zilikuwa rundo moja katikati ya ubao, na kila mmoja anachota humo anapanda. Mtafiti alitazama kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Mimi nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe.

Msimu wa tano ulipokwisha, profesa akafunga daftari. "Sasa nani ameshinda?"

"Jua limetupiga mara nne na hakuna aliyelala njaa," akasema yule jirani. "Wewe profesa ulitaka nani ashindwe?"

Profesa alikuna kidevu. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake. "Hii ya kuchangiana mbegu iko sura ya ngapi?"

"Haipo." Hojaji yake ilikuwa imemuuliza kila mtu habari za shamba lake peke yake.

"Basi iandike. Na mchezo ubaki."

Nikachukua patasi, nikachimba shimo la saba katikati ya ubao. Tulipozidai ndengu, akina mama walikuwa wameshazifunga kwenye leso. Walisema hayo ni mavuno.