Ng'ombe wa Baharini wa Ndugu Yangu

Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka juzi, tulimpoteza ndugu yangu mdogo. Kazi yake pwani ilikuwa kuwazamisha watalii baharini na kuwarudisha wakiwa hai. Bahari haikumgusa. Alikuja nyumbani likizo, akagongwa na bodaboda pale Sosiot akitoka kununua mandazi. Mandazi yalipona.

Alikuwa akituambia anapokea mshahara wa kubebwa. Huko chini kuna mkondo mkali. Mtu hapigi hata teke, anakunja mikono tu, maji yanampitisha kando ya mwamba wa matumbawe. Na mahali fulani, alisema, anakaa chewa, samaki mkubwa kama ng'ombe, amesimama ndani ya mkondo bila kusogea. Mama alimjibu kwamba anayebebwa ni mtoto mchanga, na huyo samaki amtafutie kamba. Matangani watu walikicheka hicho kisa mpaka mhubiri akakohoa. Mimi nilitaka tu kujua kama tumezika mwongo.

Nilipoenda pwani kuchukua nguo zake, nilimwomba mwenzake wa kazi anipeleke kwa huyo samaki. Kwanza alinifundisha kwenye bwawa la kuogelea, karibu wiki nzima, na maji yake mengi niliyanywa. Siku ya kushuka akanishika mkanda.

"Dada, usipigane na maji. Na usishike kitu."

Mkondo ukatubeba kama magunia ya majani kwenye lori la kiwanda. Matumbawe yakapita, juu yamelingana kama chai iliyopogolewa, ncha zake zimechomoza. Mimi nachuma chai tangu nitoke darasa la nane. Mkono ulienda wenyewe, ukachuma.

Yanawasha kuliko upupu. Nikafumba macho na kulia ndani ya mpira wa kupumulia. Nilipoyafumbua, mwenzake alikuwa ananyoosha kidole nyuma yetu, na mkondo haurudishi mtu nyuma. Kwenye boti akaniambia ndiye yule chewa.

Nilifika nyumbani Mogogosiek mkono bado umevimba. Mama akaukanda. Jirani mmoja, aliyecheka kuliko wote matangani, alikuwa amekaa hapo jikoni na kikombe chake.

"Ulimwona?" Mama akauliza.

"Sikumwona, Mama. Nilikuwa nimefumba macho. Mwenzake ndiye alimwona."

Mama akakamua kitambaa, akamgeukia jirani, akamwambia amalize chai aende kwake.