Mikono ya Daktari

Daktari wa kituo kile cha Kasulu alikuwa na mikono isiyojua kungoja. Mgonjwa akihangaika na kifungo, keshamfungulia, akiinama kutafuta kandambili, keshamvalisha, huku akinong'ona, "Pole, mama, pole." Watu walimpenda kwa hilo. Hata Firdausi, mtaalamu wa fiziotherapia wa chumba cha pili, alimpenda, ingawa alichowafundisha wagonjwa kujifanyia wenyewe, daktari aliwafanyia kwa huruma. Palikuwa na bibi mmoja wa kijiji cha Kitanga, kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia. Alitaka jambo moja tu: asalimie tena kwa kupiga makofi, kama Waha wenzake wanavyosalimiana. Masika nzima Firdausi alimzoeza. Asubuhi moja bibi akaingia kwa daktari, akainama kidogo, na ule mkono mgonjwa ukaanza kupanda, ukitetemeka, kumfuata mwenzake. Kabla viganja havijakutana daktari akainuka, akaidaka mikono yote miwili. "Usijisumbue, mama. Nimeshaitikia." Bibi akatabasamu kwa adabu.

Firdausi, aliyeyaona yote kutoka mlangoni, alimweleza daktari baadaye jinsi salamu ile ilivyomgharimu bibi masika nzima. Daktari alikaa akivitazama viganja vyake. Siku ya kliniki iliyofuata alimngoja bibi amesimama, mikono ameifumbata mgongoni. Bibi akaingia, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kitenge, akamnyooshea wa kushoto.

"Niwie radhi kukupa wa kushoto, mwanangu," akasema. "Ule mwingine sitaki ukusumbue tena."