Dume la Ta Kaiza

Kwanza niapie kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Mimi mwenyewe sikuapishwa, kwa hiyo nakwambia.

Nilipokuwa mtoto kule Ngenge, enzi za Mwingereza, ndui iliingia kwa kondoo. Walitokwa machozi, midomo ikajaa vipele, wanakondoo wakafa. Bibi yangu alifunga jani la omulamula, ule mti wetu wa mipaka, langoni, na majirani wakamwiga. "Ndui haina miguu," alisema. "Hutembea kwa miguu ya kondoo. Asitoke, asiingie. Atakayevunja mwiko, kondoo mwenyewe atamtaja."

Sisi watoto tulicheka chinichini. Kondoo hata akichinjwa halii, atamtajaje mtu?

Malango yakafungwa, rweya, mbuga yetu ya malisho, ikabaki tupu, lakini ugonjwa ukazidi kuruka nyumba hadi nyumba. Zizi moja tu lilisalimika, la mjane Ma Koku. Basi umbea ukanenepa. Jirani yake, Ta Kaiza, ndiye aliyesema kwa sauti: "Mchawi hajilogi! Afukuzwe."

Mkungu, mkuu wa kijiji, akatuita uwanjani kwake, mchana kweupe. Ma Koku alikuja na mzigo wake, ameshaufunga.

"Waitu, jamani, kosa langu nini?" aliuliza. "Mlifunga lango, nami nikafunga."

"Mbona wako hawafi?" alifoka Ta Kaiza, mkono mfukoni mwa kanzu.

"Kwa sababu dume lako la kupandisha nililikataa."

Wanaume kadhaa wakatazama vidole vya miguu yao.

Nimezeeka sasa, na sijui bado kama Bibi alisikia mizimu au alimfahamu tu Ta Kaiza. Ninalojua ni kwamba tulitaka kumfukuza mtu pekee aliyeshika mwiko, na sisi tulikuwa wengi.

"Dume langu halijatoka zizini!" aliapa Ta Kaiza. "Nife nikisema uongo!"

Hapo migomba ikatikisika. Dume likatoka na kipande cha kamba shingoni, na kibuyu kitupu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimefungwa kwenye kamba, tayari kujazwa malipo na mwenye majike aliyekuwa akilisubiri. Likalia, meee, mbele ya kijiji kizima, likamwendea bwana wake moja kwa moja, likasukuma mdomo wake wa vidonda mfukoni mwake.

Mkungu akamwambia autoe mkono. Akautoa. Ulikuwa umejaa chumvi, ile ya kulivutia dume njiani.